Mkeka Nyuma ya Magari

Juzi nilimpeleka binti yangu kwenye maonyesho ya ndege. Mtangazaji akatuambia kwamba siku hizi jeti kuukuu za kijeshi hazipinduki tena juu ya vichwa vya watu. Michezo hiyo sasa zinaifanyia juu ya bahari, kwa kuhofia ajali. Nikamkumbuka mama.

Nilikuwa mdogo. Kanisa letu la Wakongo pale Barking, London, lilikodi basi, tukaenda kutazama ndege. Uwanja ulinukia nyasi zilizokatwa, mafuta ya ndege na sombe, kisamvu cha kwetu, tuliyobeba kwenye masufuria. Akina mama walitandika mikeka mbele kabisa, penye kamba. Mama alitazama jeti ya kwanza ilivyokata kona, kisha akaukunja mkeka wetu na kwenda kuutandika nyuma ya magari.

"Mama Neema, vita ya kwetu Kongo ilishaisha!" wenzake walimcheka. "Hii ni ya zamani, ya kuchezea tu."

"Ya zamani ndiyo inaanguka," akajibu. "Twende, mtoto yangu. Hatukai chini ya njia yake."

Nilinung'unika kwa Kiingereza. Nilidhani ananiadhibu.

Kisha jeti ikarudi. Kifua changu kilitetemeka, lakini mlio ulinifikia kwa mbali, kama radi ya mtaa mwingine, maana viganja vya mama, vyenye harufu ya vitunguu, vilikuwa vimenibana masikio. Nikamtazama. Yeye hakuwa ameziba yake. Niliamini kabisa kwamba anaupenda ule mlio.

Juzi jeti ilipopita, binti yangu aliinua uso akanitabasamia. Kichwa kilikuwa kinanipasuka kwa ule mlio. Mikono yangu yote miwili ilikuwa masikioni mwake.