Kiapo cha Mama Mdogo

Wiki ya kwanza Johannesburg nilipewa kikaratasi cha kijani, kimekunjwa mara tatu, kwenye ofisi moja ya misaada karibu na Braamfontein. Juu yake paliandikwa kwa Kiswahili kwamba hizi ni hatua za kwanza kwa mgeni anayeomba hifadhi. Fika ofisi ya wakimbizi mapema. Beba picha. Tafuta mahali pa kukaa, na barua ya kuonyesha unakaa hapo. Andikisha mtoto shule. Na kwenye sehemu ya mahojiano, kwa herufi nzito: sema ukweli wote, usifiche kitu. Nilikisoma nikakiamini. Mpaka leo nakasirika nikikumbuka nilivyokikunja tena kwa adabu na kukiweka kwenye mkoba pamoja na picha zetu.

Nilikuwa na mtoto wa miaka mitano. Dada yangu, mkubwa wangu tumbo moja, ndiye aliyemzaa. Yeye na mumewe waliuawa wakitoka shamba, upande wa Uvira huko kwetu Kongo, mtoto akiwa na miaka miwili na miezi. Siku ya tatu ya kilio mama yetu alimtoa kwenye mgongo wa jirani akamweka kwenye mapaja yangu, akarudi kukaa na wanawake wengine. Kwetu mtoto wa dada yako ni mtoto wako hata dada akiwa hai na afya yake. Alikuwa akiniita mama kabla ya siku ile, kama mimi nilivyowaita mama wadogo wa mama yangu, wote wanne. Hakuna mtu kwetu anayemketisha mtoto na kumweleza nani alimzaa na nani hakumzaa. Kufanya hivyo ni kumfukuza nyumbani.

Kwa hiyo nilipokaa mbele ya afisa na akauliza kama mtoto ni wangu, nilisema ndiyo. Akauliza jina la baba. Nikataja jina la shemeji yangu, kwa sababu ndiye baba yake. Nani angethubutu kumnyang'anya marehemu mtoto wake? Kisha akauliza kwa nini nilikimbia, nikamweleza yote, nikataja dada na mume wake kwa majina, kama kikaratasi kilivyosema. Aliyekuwa akitafsiri alikuwa mwanamume wa upande wa Lubumbashi, mtu wa umri wangu. Alijua. Bila shaka na yeye alilelewa na mama wadogo, na aliona wazi kile ninachosema na kile kinachoandikwa. Akatafsiri neno kwa neno, wakaandika, wakanipa karatasi yenye picha yangu na jina la mtoto chini yake.

Tulipata kona ya kulala mtaa wa Berea, kwenye ghorofa la zamani ambalo lifti yake ilikufa kabla sijazaliwa. Chumba kimoja kiligawanywa na mapazia. Upande wetu tulikuwa mimi na mtoto. Upande wa dirishani alikaa mwanamke wa Tanga aliyeuza vitumbua na maandazi mbele ya kituo cha taksi. Yeye ndiye kikaratasi changu cha kweli. Alinionyesha zahanati ambayo nesi wake hafokei wageni. Alinifundisha nisimpe mtu yeyote karatasi yenyewe mkononi, nimpe nakala. Mwenye chumba alipokataa kuniandikia barua ya makazi, akihofia kwamba serikali itajua amepangisha watu tisa, yule wa Tanga alinipeleka kituo cha polisi. Katika mji huu, ukikosa kitu chochote, unaenda polisi kukiapia. Huna barua ya nyumba, unaapa. Umeibiwa mkoba, unaapa. Wanaita afidaviti. Askari aliyenihudumia alikuwa anakula chipsi. Aligonga muhuri bila kuangalia kilichoandikwa, na kwa muhuri ule mwalimu mkuu akampokea mtoto shuleni.

Mimi nilipata cherehani kwenye duka la Mkongomani, nikawa nashona vikwembe, nguo za vitenge za wamama wa kanisa. Mtoto akapata Kiingereza. Akapata na Kizulu, cha uwanjani. Mwaka wa pili alikuwa yeye ndiye anayesoma kila karatasi iliyoingia nyumbani: tangazo la maji kukatwa, barua ya shule, maandishi kwenye chupa ya dawa. Kwenye zahanati alisimama mbele yangu na kusema ninapoumwa. Nilimwonea fahari, na nilimwonea huruma pia, maana si kazi ya mtoto.

Kila miezi sita nilirudi ofisini kuongeza karatasi. Miaka mitatu wakagonga mihuri, hakuna aliyefungua faili. Halafu siku moja, nikiwa nimesimama tangu asubuhi, afisa mmoja akaamua kulisoma. Mwanamke, kucha nzuri. Alisoma ukurasa wa kwanza, akaenda wa tano, akarudi wa kwanza. Akamwita mwenzake wa dirisha la pili, akamwonyesha kwa ukucha, wakacheka. Sikuhitaji mkalimani kuelewa kicheko kile. Wakamwita mkalimani hata hivyo, na akaja yuleyule wa Lubumbashi, na suti sasa.

"Mama," akaniambia, macho chini, "banauliza kama ulizaa na bwana ya dada yako."

Nilimwambia, "Baelezee. Weye unajua namna iko kwetu. Baambie kama mutoto wa dada ni mutoto yangu."

"Mi natafsiri tu, mama."

Nimekutana na watu wabaya zaidi yake njiani. Nimekutana na wenye bunduki. Lakini hasira niliyonayo juu ya mtu yule haijapoa, kwa kuwa wale wengine hawakuwa na kitu cha kunipa, na yeye alikuwa na maneno kumi tu ya kusema, akayaweka mfukoni mwa suti yake.

Yule afisa akaacha kucheka, akawa mtu wa kazi tena. Kosa ni lako, akasema, umedanganya serikali. Akanipa wiki mbili. Nilete afidaviti. Kama nilimzaa mtoto na shemeji yangu, niape hivyo, na karatasi itaongezwa kama kawaida. Kama sikumzaa, niape kwamba mimi si mama yake; basi jina lake litatoka kwenye faili langu, watu wa ustawi wa jamii watakuja kumhoji, na hakimu ataamua mtoto akae na nani. Nikishindwa kuleta chochote, faili linafungwa, langu na lake. Na wakati wa kuapa mtoto awepo, askari aandike kwamba amemwona.

Nilirudi Berea kwa miguu, sikutaka kukaa karibu na mtu kwenye taksi. Yule wa Tanga alikuwa anaosha masufuria. Nilipomaliza kumweleza, hakusita hata kidogo.

"Apa kuwa ni wako wa kumzaa, shoga yangu. Ushasema ni wako. Maji umeshayavulia nguo, yaoge."

"Nizae na shemeji? Niandike vile, na dada yangu amekufa?"

"Hao marehemu watasoma wapi? Aibu yenyewe ya siku moja, tena mbele ya watu usiowajua. Ukisema si wako, watakuja na gari kumchukua, wamweke na mayatima. Utamwona Jumapili kwa Jumapili, kama mgonjwa."

Alisema kwa upendo, naye hakukosea. Kwa siku tatu nilikubaliana naye. Nilikaa kwenye cherehani nikajiona nimeshaapa, mambo yamekwisha, mtoto yuko kitandani kwetu. Kisha jioni moja nilimkuta ameketi sakafuni amefungua mfuko wangu wa makaratasi, anayapanga kwa tarehe kama nilivyomfundisha, na anayasoma moja moja, midomo ikicheza. Nikajua hiyo afidaviti ataisoma. Labda si mwaka huu. Lakini karatasi za mkimbizi hazitupwi, zinafuatana naye hadi kaburini, na siku moja angekuta mkono wangu umeandika kwamba baba yake alilala na shemeji yake, na kwamba yule mwanamke aliyemzaa alikuwa mke wa kudanganywa tu. Dada yangu hakuacha kitu duniani isipokuwa ndoa nzuri na mtoto huyu. Nimchafulie kimoja ili nibaki na kingine? Nilikasirika mpaka nikavunja sindano mbili siku ile. Hakuna mtu kwenye ofisi ile aliyewahi kufikiria kwamba kuna watu wanaolazimishwa kuchagua jambo la namna hiyo, na kama angefikiria asingejali.

Niliamua kuapa ukweli wao.

Kilichobaki ni mtoto. Kwetu wakubwa wakitaka mtoto asisikie neno, wanasema Kifaransa. Hapa sikuwa na lugha ya kujificha: Kiingereza ni chake kuliko changu, Kiswahili ni chetu wote. Basi nilimwomba yule wa Tanga, ingawa hakukubaliana nami na hakuacha kusema, amwombe mteja wake mmoja mwanafunzi aniandikie yote kwa Kiingereza kwenye karatasi safi. Nitaifikisha kaunta, nitaisukuma kwa askari, atagonga muhuri huku anakula chipsi zake, tutatoka. Jambo lenyewe nitamweleza mtoto mwenyewe, kwa maneno yangu, nikiyapata.

Nilipanga kumwambia njiani, tukienda polisi. Tulipofika kwenye robot ya kwanza, ndivyo wanavyoziita hapa taa za barabarani, nikasema nitamwambia tukivuka. Tulipovuka nikasema robot inayofuata. Alikuwa ameshika mkono wangu ananieleza kuhusu mwalimu wao ambaye anavaa soksi zisizolingana. Kuna robot nne kati ya nyumba yetu na kituo kile, na kwenye zote nne nilikuwa mwoga. Hilo siwezi kumbebesha afisa wala mkalimani.

Kaunta siku hiyo alikuwepo askari mzee, miwani imefungwa kwa uzi, na hakuwa anakula kitu. Alituamkia vizuri. Alimwuliza mtoto yuko darasa la ngapi. Nilimsukumia karatasi, yeye akaivuta, akaisoma kimya mpaka mwisho, akatutazama mmoja mmoja juu ya miwani.

"Eish, mama," akasema. Akaniambia kwa Kiingereza cha polepole kwamba hili si jambo dogo, hawezi kugonga muhuri hivihivi. Sheria inataka anisomee kwa sauti, ahakikishe nimeelewa, ndipo niinue mkono. Nilijaribu kumwambia si lazima. Nilitikisa kichwa, nilionyesha muhuri kwa kidole, nikasema neno la Kiingereza nililokuwa nalo, nikalirudia. Alidhani naogopa kiapo, akanituliza kwa mkono. Miaka mitatu nilikuwa nawaombea watu wa nchi hii wasome wanachogonga, na aliyekuja kusoma ni huyu, mtu mwema, siku hii.

Akasoma. Jina langu, namba ya faili, mahali ninapoishi. Mtoto alikuwa ameweka kidevu kwenye kaunta anachezea kalamu iliyofungwa kwa kamba. Askari akafika kwenye jina lake, na kwenye maneno kwamba mimi siye mama yake, kwamba mama yake alifariki, kwamba nilimleta tu. Kalamu ikaacha kuzunguka.

Hakulia. Alinyanyuka kwa ncha za vidole ili askari amwone vizuri, na akazungumza kwa ile sauti anayoitumia akinisemea zahanati. Maneno yalikuwa mepesi, niliyaelewa yote. Alimwambia samahani, baba, kuna makosa. Aliyemwandikia mama amekosea. Mama hajui kusoma Kiingereza, hajui kilichoandikwa hapo. Mimi ni mtoto wake.

Askari akavua miwani. Akanitazama, na niliona kwamba alitaka sana nikubali, kwamba angechana karatasi ile palepale na kunipa nyingine.

"Kuna makosa, mama?"

"Hapana," nikasema. "Hakuna makosa. Piga muhuri."

Mtoto akashuka kutoka kwenye ncha za vidole. Askari akaniambia jambo kuhusu mkono wa kulia, nikamgeukia mtoto kama kawaida nisubiri tafsiri, lakini yeye alikuwa anatazama mlango, na ilibidi askari ainue mkono wake mwenyewe kunionyesha.