Rili ya Mkono wa Kushoto

Papa, baba yangu, hakuzaliwa mvuvi. Kule Uvira alikuwa mwalimu wa jiografia, na ingawa ziwa lilikuwa hatua chache kutoka shuleni kwake, samaki aliwajua wakiwa sahanini tu. Uvuvi alijifunzia Durban, ukubwani, baada ya kufika hapa na kukuta vyeti vyake havina wa kuvisoma. Alivaa kizibao cha njano akawa mlinzi wa magari South Beach, karibu na ghorofa tuliyopanga, akiwaonyesha watu kwa mkono pa kuegesha. Ila Jumamosi hakulinda gari la mtu. Jumamosi alfajiri alichukua fimbo yake ya kuvulia, akaenda kwenye gati.

Pale gatini alikuwa mtu mwingine. Wavuvi wa Kizulu na Wahindi waliokuwa wakivua hapo tangu utoto wao walimsogezea nafasi bila kuombwa. Alirusha mshipi mbali kuliko wengi wao, na kabla ya kurusha alitazama upepo kama anayesoma ramani ukutani. Mama yangu alikuwa amefia kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania, kabla hatujafika huku, kwa hiyo tulikuwa wawili tu, na mimi nilimwona Papa akiwa na furaha siku moja kwa wiki. Sikuwahi kujali samaki. Nilijali sura aliyorudi nayo.

Kiharusi kilimkuta kazini. Dereva mmoja aliyerudi kwenye gari lake alimkuta amekaa chini, mgongo umeegemea gurudumu, mdomo umekwenda upande. Alilazwa wiki tatu. Ulimi ulirudi, polepole. Mguu ulirudi kiasi cha kutembea na mkongojo. Mkono wa kulia haukurudi. Ulikaa mapajani mwake kama mzigo wa mtu mwingine alioombwa amshikie.

Miezi mitano ilipita bila kutaja gati. Kisha Jumapili moja nilimkuta barazani, fimbo ameilaza juu ya kiti, anajaribu kuzungusha mpini wa rili kwa mkono wa kushoto. Rili ni kile chombo kinachokaa kwenye fimbo na kukunja mshipi. Mpini wa rili yake ulikuwa upande wa kulia, kama ulivyo kwa wengi, naye alikuwa akiupitishia mkono juu ya fimbo, unamponyoka kila mara.

"Mama," aliniita. Hivyo ndivyo alivyoniita siku zote, kwa sababu nimepewa jina la mama yake. "Iko rili zenye mpini kushoto. Niliziona. Unitafutie moja. Lakini ya ngoma, unasikia? Usiniletee mashine ya kahawa."

Nilijua anachosema. Ya ngoma ni ile ambayo pipa lake dogo limelala juu ya fimbo, na mrushaji analizuia kwa dole gumba mshipi unapokimbia. Ndiyo aliyoipenda, kwa sababu inataka ufundi. Ile nyingine inaning'inia chini ya fimbo, mpini wake unazunguka kama wa kinu cha kahawa, na wavuvi wa Durban wanaiita grainda. Papa aliidharau. Alisema ni rili ya watu waliokuja kupiga picha.

Mimi ni msusi. Siku yangu ya mapumziko nilipanda teksi hadi Isipingo, nikashuka stendi, nikaenda kwenye duka dogo la vifaa vya uvuvi ambalo mtu wa gatini alinielekeza. Nyuma ya meza palikuwa na mzee mwembamba mwenye kofia nyeupe ya sala. Aliposikia nikijibu simu kwa Kiswahili alinyanyua kichwa.

"Samaki," alisema, akinyoosha kidole kwenye picha ukutani. "Maji. Moto. Haya, njoo." Kisha akacheka, akaendelea kwa Kiingereza chenye Kizulu ndani yake. "Maneno hayo ndiyo niliyobaki nayo. Bibi yangu ndiye aliyekuwa nayo yote."

Alikuwa mtu wa Chatsworth, wa wale ambao wazee wao waliletwa Durban kutoka pwani ya Waswahili zamani sana. Nilimwita anko, kama wanavyoitwa wazee huku, nikamweleza ninachotaka. Akaniwekea rili tatu mezani, zote za ngoma, mpini kushoto. Alinifanya nizizungushe moja moja. Moja ilikuwa nzito. Moja ilikuwa na sauti ya mchanga. Ya tatu ilizunguka kimya, laini, na mpini wake ulikuwa na kifundo kinene ambacho mkono usio na mazoea ungeweza kukishika. Nilimwambia nachukua hiyo.

Hakuifunga. Aliniuliza, "Baba yako ana mkono mmoja, siyo?"

"Mmoja."

"Mkono huo utazungusha. Sawa. Fimbo tutaikalisha kwenye mkanda kiunoni. Sasa nani atarusha?"

Sikuwa nimefikiria hilo. Mtu hawezi kurusha fimbo ndefu ya baharini kwa mkono mmoja dhaifu. Nikasema, "Mimi."

"Umewahi kurusha ya ngoma?"

"Hapana."

"Basi chukua grainda," alisema kwa upole. "Mpini wake unahamishika, kulia au kushoto upendavyo. Wewe utaweza kurusha tangu siku ya kwanza, yeye atavuta. Hii nyingine itakuaibisha, binti."

Nilijua anasema kweli. Lakini akilini niliona uso wa Papa nikifungua boksi, nikaona nimemletea rili ya wapiga picha, na sikuweza. Kiharusi kilikuwa kimemnyang'anya vya kutosha. Nikachukua ya ngoma. Mzee aliifunga akasema tu kwamba ikinishinda niirudishe kabla haijanywa chumvi nyingi.

Papa aliifurahia mno. Aliizungusha barazani wiki nzima, sikio amelitega.

Jumamosi lifti ilikuwa mbovu. Tulishuka ngazi ghorofa sita, kituo kila ghorofa, fimbo begani kwangu. Wavuvi walimpokea kwa kelele, wengine wakamshika ule mkono mfu bila kusita, na mmoja alimpa kiti chake cha kukunja. Nikafunga chubwi, kile kipande cha risasi kinachozamisha mshipi, nikatia chambo, nikasimama ukingoni. Papa alinielekeza: dole gumba hapa, usikaze, chubwi ikigusa maji zuia.

Nikarusha. Pipa lilizunguka haraka kuliko mshipi ulivyotoka, na kufumba na kufumbua mshipi wote ukajisokota juu ya rili kama kiota cha ndege. Tulikaa nusu saa kuufumua, yeye akivuta kwa vidole vya kushoto na kwa meno. Nikarusha tena. Kiota tena. Mara ya tatu kilitokea kiota, na chubwi ikakatika ikaruka baharini peke yake. Mvuvi mmoja, mtu mwema, alikuja akasema, "Baba, ngoja nikurushie." Papa alitikisa kichwa bila kumtazama.

Nilipoanza kufumua kiota cha tatu alisema, kwa ile sauti yake ya darasani, "Kitu kidogo hivi. Mtoto wa darasa la kwanza anaweza. Unafanya makusudi?"

Nilikuwa nimeamka saa tisa na nusu. Nilikuwa nimembeba karibu ngazi zote zile. Nikasema, na watu wakasikia, "Papa, mikono iliyobaki ni hii yangu. Kama huitaki, utavua kwa mkono gani?"

Alitazama mkono wake pale mapajani, kana kwamba ni huo niliokuwa nikizungumza nao. Kisha akasema, "Twende nyumbani." Ghorofa zile sita tulizipanda tukipumzika kila moja.

Wiki iliyofuata niliirudisha rili Isipingo. Mzee aliipokea. Aliifuta kwa kitambaa, akanitolea grainda ya kijivu, akahamisha mpini kushoto mbele ya macho yangu. Kisha akafunga duka kwa muda, akanichukua uwanjani nyuma, kwenye magari mabovu. Alifunga chubwi bila ndoana.

"Fungua huu waya. Shika mshipi kwa kidole cha shahada. Rusha, kidole kikielekea baharini, achia."

Baada ya mara kumi hivi chubwi ilikuwa ikiangukia pale ninapotazama. Tulipopumzika aliniambia kwamba zamani watu wake waliishi kule Bluff, juu ya bahari, na baba yake alikuwa akivua kwenye mawe chini ya nyumba yao kabla ya kwenda kazini. Serikali ya wazungu ilipowahamishia Chatsworth, baba yake aliweka fimbo juu ya kabati.

"Hakuvua tena?"

"Alisema atavua Jumapili. Kila Jumapili alisema hivyo." Aliokota chubwi, akaipangusa vumbi. "Bahari ilikuwa safari ya basi tu. Nilikuwa na miguu, nilikuwa na nguvu, ningempeleka. Sikumpeleka. Nilidhani amechoka nayo."

Alinifungia grainda na mkanda wa kiunoni.

Papa aliitazama ndani ya boksi lake. "Mashine ya kahawa," alisema, akarudi kusoma gazeti. Majuma mawili hakuigusa. Mimi kila asubuhi kabla ya kwenda saluni niliifunga kwenye fimbo nikashuka ufukweni, nikarusha chubwi mpaka bega likauma. Nilitaka kumwomba radhi pia. Niliyapanga maneno nikitembea, na nilipofungua mlango nikamkuta amekaa na chai yake, maneno yalionekana makubwa mno kwa asubuhi ya kawaida. Nikasema nitasema kesho.

Jumamosi ya tatu niliamka nikamkuta amevaa, kofia kichwani, viatu miguuni. Sijui alivifungaje kamba kwa mkono mmoja. "Upepo iko mzuri," alisema. "Lete kinu chako."

Gatini nilirusha. Mshipi ulitoka ukiimba, chubwi ikaanguka mbali, nyuma ya mawimbi yanayovunjika. Nikamkalishia kitako cha fimbo kwenye mkanda, nikasimama nyuma yake nimeshika fimbo juu ya kichwa chake, naye akaanza kuzungusha. Mwanzo kwa kusitasita. Kisha sawasawa, kama mtu aliyekumbuka njia. Hatukupata kitu. "Tena," alisema. Siku ile nilirusha mpaka jua likawa kali, na neno lake lilikuwa hilo hilo moja.

Tulipata Jumamosi nne. Jumamosi ya mwisho alivuta shad mmoja, samaki wa pwani hii, mwembamba, ambaye hakufikia kipimo cha sheria. Mvuvi wa jirani alimtoa ndoana. Papa aliomba amshike. Alimshika kwa mkono wa kushoto, akamtazama, akaniambia nimrudishe majini. Nilipogeuka alikuwa akilia, bila sauti, upande mmoja wa uso ukishiriki na mwingine umetulia. Nilimfuta kwa kanga yangu. Hapo ningeweza kusema. Nilimwuliza kama ana njaa.

Alhamisi iliyofuata nilikuwa saluni, nimefika nusu ya kichwa cha mteja, mwanamke wa Bukavu anayeuza vitambaa. Simu yangu iliita mfukoni. Mikono ilikuwa imejaa nywele na mafuta, nikaiacha. Ikaita tena. Mara ya tatu mteja mwenyewe aliniambia, "Dada, pokea tu." Aliyepiga alikuwa jirani wa ghorofani. Alimsikia Papa akianguka, akavunja mlango. Nilimuuliza yuko hospitali gani. Akaniambia nisiende hospitali, nije nyumbani.

Yule mteja alijifunga kitambaa kichwani, nusu imesukwa nusu imesimama, akanipandisha teksi, akanishika mkono hadi mlangoni kwetu. Papa alikuwa amelala pale barazani. Jirani alikuwa amemfunika shuka. Sijui kama simu ya kwanza ilipoita alikuwa bado anapumua. Jirani anasema hapana. Nadhani ananihurumia.

Tulimzika hapa hapa, mbali na ziwa na mbali na kaburi la Mama. Watu wa kanisa waliimba vizuri. Wavuvi saba walikuja wakiwa na makoti yao ya gatini, wakasimama nyuma, wakaondoka kabla ya chakula.

Watu huniambia kwamba alinisamehe, kwamba kule kuvaa viatu asubuhi ile ndiko kulikokuwa kusamehe kwake. Huenda. Mwalimu yule hakuacha kosa bila kulisahihisha, na lile hakulitaja kamwe. Lakini mimi sikuomba. Nilikuwa na Jumamosi nne, na siku zote za katikati.

Siku ya kumi baada ya maziko nilirudi kazini. Mteja wangu wa Bukavu alikuja asubuhi, kitambaa bado kichwani. Wenzangu walikuwa wamejitolea kummalizia, bure, akakataa. Alikaa kwenye kiti, akafungua kitambaa, na nikaona nywele zilivyokuwa zimechakaa upande ule niliouacha.

"Ulikwenda kazini hivyo siku zote hizi?" nilimwuliza.

"Nilifunga kitambaa."

"Wangekumalizia."

"Najua," alisema. "Suka, dada. Sina haraka."

Nikachana ule upande, nikagawa nywele, nikaanza. Machozi yangu yalikuwa yakimwangukia shingoni, naye aliinamisha kichwa, hakujifuta.