Matofali ya Kanisa na Mvua Iliyochelewa

Mtu mwenye akili hufyatua matofali mwezi wa sita, mvua ikiwa mbali. Sisi wa kanisa letu dogo pale Ihanja tulifyatua mwezi wa kumi na moja. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na maduka ya Singida mjini yakaanza kujaa mabati, na tukaona aibu kuendelea kusali ndani ya tembe la paa la udongo linalovuja. Msimamizi wa kazi nilikuwa mimi, na mimi ndiye niliyesema hatuwezi kusubiri mwaka mwingine. Nilikuwa na miaka thelathini na kichwa kigumu.

Tulipomaliza kufyatua, niliomba mbele ya wenzangu kwamba Mungu atupe siku saba za jua matofali yakauke. Wakaitikia amina. Siku saba zikapita, yakakauka, tukayapanga na kuyafunika kwa nyasi tukingoja kuni za kuyachoma. Kisha zikapita wiki tatu nyingine bila tone. Uwele uliopandwa kwenye vumbi ukaliwa na panya kabla ya kuota.

Hapo maneno yakaanza. Kwetu kila mtu anajua mfyatua matofali hapendi mvua, na ikichelewa, yeye ndiye wa kwanza kutazamwa. Tena wazee walipopita kukusanya mtama wa tambiko la kuombea mvua, nyumba zetu hazikutoa. Mimi nilikataa kwa heshima zote, nikaeleza kwamba imani yangu hainiruhusu. Basi ikasemwa kwamba tumezika dawa kwenye shimo tulilochimba udongo wa matofali, tumefunga mvua mpaka kanisa letu liishe. Mwenye mkokoteni aliyeahidi kutusombea kuni akasema ng'ombe wake wanaumwa. Kesho yake niliwaona barabarani wakivuta magunia, wazima kabisa. Kisimani wanawake walinyamaza kila mke wangu alipofika, wakaanza tena alipoondoka.

Aliyeyasema kwa sauti kuliko wote alikuwa mzee jirani yangu, tuliyepakana naye mashamba. Ndiye aliyenifundisha kulima kwa plau baba yangu alipofariki. Hilo liliniuma mno. Kwa hasira nikapita mbele yake siku mbili bila kumwamkia, jambo ambalo kwetu halifanyiki. Mke wangu aliposikia aliniuliza kama hiyo nayo nimeisoma kwenye Biblia. Hata hivyo sikumwamkia mzee.

Mwishowe balozi wa nyumba kumi akatuita wote shimoni. Alitangaza kwamba shimo litachimbwa, na dawa ikipatikana matofali yavunjwe na sisi tusichote tena maji kisimani. Walichimba asubuhi nzima. Walipata mizizi na kipande cha chungu kilichovunjika, ambacho kilizungushwa mikononi mwa watu wengi kabla ya kutupwa. Mimi nilikuwa nimekwisha kupanga maneno makali ya kuwaambia, na nakiri niliyafurahia.

Mzee jirani akanisogelea. "Dawa hakuna, nimeona," akasema. "Sasa niambie, mwanangu. Huyo Mungu wako ulimwomba nini juu ya mvua?"

Wenzangu wakatazama chini. Ningesema sikuomba kitu, nao wasingenikana. Kisima kingebaki chetu na kanisa lingejengwa juu ya uongo wangu.

"Niliomba siku saba za jua, mzee," nikasema. "Saba tu, na ziliisha zamani."

"Kwa hiyo uliomba."

"Niliomba."

Mtu nyuma yangu akasema lisemwalo lipo. Dawa walinisingizia, na hilo sikuliogopa. Nilichoona ni aibu, maana siku ile naomba jua, mbegu za watu wote hawa zilikuwa ardhini, na sikumkumbuka hata mmoja. Yale maneno yangu makali sikuyaona tena yalikokwenda.

Nikaenda kwenye matofali, nikaanza kuondoa nyasi. Nikawaambia kwamba jioni ile tungeomba mvua, na matofali yangekaa wazi hata ikinyesha. Mwinjilisti wetu alinitazama kama mtu aliyevua nguo hadharani. Mke wangu alikuwa wa kwanza kuja kunisaidia. Balozi akasema basi, tungoje, na kisima hakuna wa kumfungia mtu.

Ilinyesha siku ya tisa, mchana. Wao walisema ni mtama wao, sisi tukasema ni maombi yetu, na hakuna aliyebishana sana kwa sababu kila mtu alikuwa na shamba la kuwahi. Mimi nilisimama kwenye matope nikiangalia kazi ya mwezi mzima ikirudi kuwa udongo. Nilikuwa nimetoa neno langu, sikugusa hata tofali moja. Nililia, nasema kweli, na mvua ikanisitiri.

Ndipo nikamwona mzee jirani anakatiza mpakani, shati limemganda mwilini, mzigo wa nyasi kichwani. Zilikuwa nyasi kuukuu, nyeusi kwa moshi na vumbi. Alikuwa amezing'oa kwenye paa la banda lake la mbuzi.

"Funika, mwanangu," akasema. "Mvua tumeshaipata."

"Shikamoo, mzee," nikamwambia.

"Marahaba. Funika."

Tuliokoa mistari mitatu. Mbuzi wake walilowa mpaka asubuhi.