Barua ya Kuomba Kiti

Kazi yangu ni kulinda barua. Wiki tatu baada ya mwili wa kaka yangu kusafirishwa nyumbani, kampuni yetu ya ulinzi katika nchi hii ya Waarabu ilinitoa kwenye mlango wa duka kule Al Sadd ikanipeleka katika ukumbi wa maonyesho. Ni mahali pa kapeti na baridi, ambapo karatasi za Waingereza waliokufa zamani zimelazwa ndani ya visanduku vya kioo kama watoto njiti. Ni barua ambazo waigizaji na mameneja wa kumbi za michezo waliandikiana wakati wa Malkia Victoria. Mgeni akiegemea kioo, namwambia asiegemee. Hayo ndiyo maneno yangu ya kutwa.

Nilisoma hadi kidato cha pili, na mwandiko wenyewe siuwezi, umejikunja kama uzi uliofumuka. Lakini pembeni kuna maelezo yaliyochapwa, na saa nane za kusimama zinatosha kuyasoma yote mara kumi. Waigizaji wale walikuwa wakiomba. Mmoja anataka nafasi ya mfalme. Mwingine anamsifu meneja ukurasa mzima kabla ya kugusa shida yake. Na karibu wote wanajiita wazima, hata yule ambaye maelezo yanasema alikuwa akikohoa damu. Mwanamke mmoja alimhakikishia meneja wake kwamba ana nguvu za kucheza msimu wote. Alikufa kabla msimu haujaisha.

Siku niliyoisoma hiyo niliacha nafasi yangu, nikaenda chooni, nikapiga ukuta kwa ngumi. Watu wanapita mbele ya ile barua wakisema jinsi karatasi ilivyotunzwa vizuri. Karatasi! Mimi nilijua alichofanya yule mwanamke, maana nami nilikuwa nimekifanya, tena kwa mwili usio wangu.

Kaka yangu mkubwa alikuwa mlinzi wa lango la hoteli. Yeye alikaa kambini Al Rayyan, mimi makazi ya wanawake Umm Salal. Tulionana kila Ijumaa, kwenye kikundi cha maigizo cha Wakenya na Waganda. Kaka alipenda kuigiza kuliko kula. Meneja wa kikundi alikuwa Mkenya mwenzetu, na siku za kazi ndiye aliyekuwa supavaiza wetu katika kampuni. Alikuwa akizunguka malindoni na orodha yake, akimuuliza kila mlinzi neno moja: "Afya?" Nawe unajibu, "Mzima, bosi." Anatia alama, anakwenda.

Aliwahi kuwa karani wa shule, na kwenye kikundi alitaka kila kitu kwa barua. Si ujumbe wa simu. Barua ya mkono, ndani ya bahasha. Ukitaka nafasi, andika. Ukichelewa mazoezi, andika. Alizihifadhi kwenye faili la buluu, na majibu yake aliyasoma mbele yetu sote Ijumaa iliyofuata, akiwa ameinua kidevu.

Mwaka huo tulikuwa tukiandaa mchezo wa kesi ya shamba. Kaka alipewa askari wa mahakama. Askari huyo anasimama na rungu tangu mwanzo mpaka mwisho, na ana neno moja tu la kusema: "Kimya!"

Ijumaa moja kabla ya mazoezi mimi na kaka tulikaa nje ya mkahawa wa Wahindi na chai mbili za karaki, zile za maziwa mazito. Kaka akapandisha suruali, akabonyeza mguu kwa kidole gumba. Shimo likabaki.

"Ona. Kama unga wa chapati."

"Tangu lini?"

"Tangu Ramadhani. Toa kalamu. Andika naomba ujaji. Jaji anakaa."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Nasimama siku sita, na ya saba nasimama tena kwa kujitolea. Andika miguu yangu imevimba, na nikilala chali pumzi inakata. Andika hivyo hivyo ninavyosema."

Niliandika hivyo hivyo. Halafu nikaisoma tena ile sentensi, nikaweka kalamu chini.

"Kaka, huyu ndiye supavaiza."

"Najua ni nani."

"Akisoma hivi atakupeleka kupimwa. Wakikuona hufai kazi, ni eapoti, unarudishwa nyumbani."

Alikunywa chai yake yote kwanza. Alikuwa na watoto wawili shuleni, na alikuwa ameapa hatarudi kabla hawajamaliza.

"Wewe ndiye uliyesoma," alisema. "Andika unavyojua."

Nikaandika nyingine. Nilianza kwa salamu ndefu, nikamsifu meneja kwa uongozi wake, nikasema kaka ana sauti nzito na heshima ya kukalia kiti cha ujaji. Miguu sikuitaja. Pumzi sikuitaja. Ile ya kwanza niliikunja nikaiweka nyuma ya kava la simu yangu, sijui kwa nini.

Ijumaa iliyofuata meneja alisoma jibu lake. "Naona siku hizi hata walinzi wanataka viti. Ndugu yetu, uaskari unakufaa. Mazoezi unayafanya wiki nzima."

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Mganda mmoja, dereva wa familia ya Kiarabu, akamwinamia kaka. "Mheshimiwa Jaji! Ssebo, bwana mkubwa, tusimame au tukae?"

"Kaeni," kaka akasema. "Mahakama imeahirishwa."

Akacheka pamoja nao. Nami nilicheka. Kisha akachukua rungu akasimama tangu saa nane mpaka saa kumi na moja.

Alianguka Jumanne mchana, langoni. Mwenzake alinieleza baadaye. Kaka alikuwa amechuchumaa nyuma ya nguzo, na sisi haturuhusiwi kuchuchumaa, kwa hiyo mwenzake alimwambia, "Amka bro, kamera inakuona." Akaamka. Hatua tatu, akaenda chini. Hospitali alikaa siku mbili. Daktari alisema moyo wake ulikuwa umechoka kwa muda mrefu, na ule uvimbe ulitokana na huo moyo. Akaniuliza kama hakuwahi kulalamika. Nilimwambia alilalamika. Daktari akauliza, kwa nani?

Kumzika sikwenda. Niliangalia kwenye simu, picha ikikwamakwama, jeneza likibaki hewani juu ya kaburi kama lililokataa kushuka.

Baada ya miezi miwili kikundi kikafanya onyesho la kumkumbuka. Jukwaani waliweka kiti cha jaji, wakakitandika joho jeusi. Sasa walimpa kiti! Nilikaa mstari wa mbele nikikitazama nikiwa nimeuma meno. Meneja akapanda na faili la buluu. Akatoa barua yangu, akaisoma kwa sauti ya kutetemeka. Alipofika kwenye ile heshima ya kukalia kiti, akina dada nyuma yangu wakaanza kulia.

"Ndugu zangu," akasema, "kama angeniambia anaumwa, ningempa kiti hiki kwa mikono yangu miwili. Hakuniambia. Tujifunze kusema."

Mimi si mtu wa kusema mbele za watu. Hata kanisani sijawahi kutoa ushuhuda. Lakini yale maneno, tujifunze kusema, yaliniinua kama mtu aliyekalia moto.

"Mwandiko huo ni wangu," nikasema.

"Kaa, dada. Tunajua uchungu wako."

"Sikai. Kuna sentensi niliitoa."

Nilivua kava la simu, nikaikunjua karatasi, nikasoma. Miguu yangu imevimba, na nikilala chali pumzi inakata.

Meneja akashuka ngazi moja. "Sasa, dada yangu," akasema polepole, "mbona ukaitoa? Ungeiacha, si ningesaidia?"

"Niliitoa kwa kumwogopa supavaiza wake."

"Supavaiza ni mimi."

"Ndiyo."

Dereva Mganda akasimama upande wa pili. Ndiye aliyerithi rungu la kaka, na alikuwa bado amelishika. "Bosi, sema ukweli hapa. Ungempa kiti cha mahakama ama cha ndege?"

Hakuna aliyecheka. Meneja akanyoosha mkono akasema nimpe ile karatasi aiweke kwenye faili, ili kumbukumbu ya kikundi iwe kamili. Nikamwambia hapana, na barua yangu airudishe. Akasema ni mali ya kikundi. Niliichomoa mkononi mwake, nikatoka nje kwenye joto.

Sitaki mtu anisomee hapa kama shujaa. Mkono ulioifuta miguu ya kaka yangu kwenye barua ni wangu, si wa meneja. Yeye alimcheka mtu ambaye barua ilimwonyesha kuwa mzima, na mwandishi wa barua hiyo ni mimi. Lakini nauliza, na nitaendelea kuuliza: ni nani aliyetufundisha kuandika hivyo? Nani alitufanya tujibu mzima kabla swali halijaisha?

Jumatatu meneja alikuja kukagua ukumbi wa maonyesho. Alipita katikati ya vioo bila kuvitazama, orodha mkononi, akasimama mbele yangu. Tulikuwa hatujaonana tangu siku ile.

"Afya?" akasema, na kalamu tayari imeshagusa karatasi.

"Silali," nikasema. "Mgongo unaniuma tangu mwezi uliopita. Mguu wa kulia unakufa ganzi baada ya saa ya tano."

Aliinua macho. Nyuma yake ilikuwa ile barua ya mwanamke mwenye nguvu za msimu mzima.

"Dada, una hakika unataka niandike hivyo? Unajua inakwenda ofisini."

"Najua inakokwenda."

"Nakuambia kwa wema."

"Andika, bosi. Andika hivyo hivyo ninavyosema."

Aliandika nusu, akasita. Nilimtajia tena, polepole, neno kwa neno, nikiangalia kalamu, mpaka akafika mwisho.