Nilishika Nafasi ya Tatu Nikiwa Nyuma Raundi Nzima

Nimewahi kupanda jukwaani, mbele ya padri, meya na bendi ya tarumbeta, nikapokea kikombe cha nafasi ya tatu katika mbio ambazo nilikuwa wa mwisho.

Msinisahihishe. Nimesema wa mwisho.

Mkicheka chekeni polepole, maana mke wangu yuko hapo jikoni anasikia.

Naitwa Yesid. Nina miaka arobaini na mmoja, duka la vifaa, na kitambi ambacho nimekuwa nikikiita cha muda tangu nioe. Naishi Santa Rosalía, huku milimani Boyacá, ghorofa ya juu ya nyumba ya baba mkwe wangu, Don Eliécer.

Sebuleni kwa Don Eliécer kuna picha moja kubwa. Kijana mwembamba, matope hadi kwenye meno, mikono juu. Ndiye yeye, mwaka 1983, siku aliyoshinda Mzunguko wa Candelaria.

Chini ya picha kuna kitaa kidogo kinachowaka mchana na usiku. Bikira Maria mwenyewe, ukuta wa pili, ana mshumaa tu.

Mzunguko wa Candelaria ndio mbio za kwanza za mwaka. Raundi kumi kuuzunguka mji, kilomita tano kila raundi, na katika kila raundi unapanda Mlima wa Machinjio, mfupi lakini umesimama wima. Zinafanyika mwanzoni mwa Februari, wakati miguu bado imejaa tamale za Krismasi.

Sheria ni moja. Wanaoongoza wakikuzunguka, yaani wakikupita raundi nzima, unapulizwa filimbi na kutolewa.

Mimi nimepulizwa miaka mitatu mfululizo. Mwaka wa kwanza raundi ya sita. Wa pili, ya tano. Wa tatu, ya nne. Maendeleo yalikuwepo, ila yalikwenda kinyumenyume.

Sasa Krismasi hiyo, tuko mezani, Don Eliécer akaweka uma chini.

"Mkwe, kwenye nyumba hii baiskeli inatundikwa chini ya picha ile. Siwezi kutundika baiskeli ya mtu asiyemaliza mbio. Safari hii usipomaliza, inakwenda kwa Orlando."

Orlando ni shemeji yangu. Anauza arepa, vile vikate vya mahindi.

"Nitaifungia kreti nyuma," akasema huku anatafuna. "Arepa mia mbili inabeba hiyo, bila wasiwasi."

Baiskeli yangu! Niliyojinyima bia miaka miwili ili niipate! Kreti la arepa!

Marlén, mke wangu, akanikanyaga mguu chini ya meza ili ninyamaze.

"Nitamaliza," nikasema.

Mdomo uliponza kichwa.

Januari yote nilifanya mazoezi. Sawa, nusu ya Januari. Haya basi, Jumapili mbili, na moja ilinyesha.

Siku ikafika. Mstarini nikajikuta karibu na Saúl, muuza maziwa. Huyu bwana kila alfajiri anasambaza maziwa vijijini kwa baiskeli, mapipa mawili nyuma, halafu siku ya mbio anayafungua mapipa na kuja na baiskeli ile ile.

"Kaka Yesid, mwaka huu vipi?"

"Mwaka huu nimekuja kivingine."

Akanitazama juu mpaka chini. "Naona. Jezi mpya."

Padri akatubariki, meya akashusha bendera, kikanuka.

Raundi ya kwanza nilikuwa katikati ya kundi, nikawapungia watu mkono. Raundi ya pili nilikuwa mkiani, sikupunga tena. Raundi ya tatu, Machinjioni, kundi likaniacha kama basi linavyomwacha abiria aliyeshuka kujisaidia.

Nikabaki peke yangu na pumzi zangu. Kifua kinawaka, mapaja yanatetemeka, na bibi mmoja anapanda mlima kwa miguu na kapu la viazi akaniambia, "Pole mwanangu," kisha akanipita.

Haki ya Mungu alinipita.

Hapo uwanjani, kwenye mstari wa mwisho, kuna meza, na mezani anakaa mwalimu Ofelia, mstaafu. Ndiye anayehesabu raundi, na daftari lake. Anatazama namba zetu mgongoni, anaandika. Akikuona umezungukwa anainua kidole, na jamaa wa filimbi anapuliza. Hajawahi kubahatisha.

Raundi yangu ya sita, mbingu ikafunga. Kwanza upepo, halafu mvua ya mawe, ile ya huku kwetu inayopiga kofia ya baiskeli mpaka unasikia iko ndani ya ubongo. Kila mtu akavaa koti la mvua. Na ukivaa koti, namba ya mgongoni inafunikwa. Kumbukeni hilo.

Nyuma ya makaburi kuna duka la mikate lenye paa la bati.

Nikasimama.

Nasema ukweli kwa kuwa nimeamua kuusema. Nilisimama. Dakika mbili tu, nikajiambia, mawe yapungue. Mwenye duka akanionea huruma akaniletea mkate wa jibini, wa moto, umetoka tanurini sasa hivi. Nikala. Akaleta na kikombe cha maji ya moto ya sukari guru. Nikanywa. Mkate wa pili nao nikaupokea, kukataa ni utovu wa adabu.

Mkate ukiwa bado mdomoni, nikasikia cheni.

Watu watano, weupe kwa barafu, makoti yamewaganda mwilini. Kundi la mbele! Walikuwa wananizunguka.

Sikuwaza ubaya, nawaapia. Niliona upepo, nikaona migongo mitano ya kujikinga, nikaruka kwenye baiskeli nikajibandika nyuma yao. Nikawaza, nitafika nao uwanjani, nitapulizwa filimbi yangu, nitakwenda nyumbani kuoga.

Jamaa wa mbele akageuka. Akaona koti kama makoti yao.

"Ahaa, umetufikia! Haya njoo uvute na wewe, acha kutegea!"

Ningemwambia nini? Nikaenda mbele nikavuta, nikiwakatia upepo.

Na miguu, ndugu zangu, ilikuwa mipya! Ilikuwa imepumzika, imekula, imekunywa kitu cha moto. Nikawavuta wale watu mpaka mmoja akalalamika nipunguze. Maishani mwangu hakuna mtu aliyewahi kuniambia nipunguze.

Tukaingia uwanjani. Nikakaza matako nikisubiri filimbi. Mwalimu Ofelia alikuwa ameshika mwavuli kwa mkono mmoja na kwa mwingine anafuta daftari lililolowa. Akainua macho. Makoti sita, hakuna namba.

Filimbi haikulia.

Nikajikausha.

Badala yake kikalia kipaza sauti: "Jamani! Mkwe wa Don Eliécer yuko kundi la mbele!"

Nikamwona mzee amesimama juu ya kiti. Miaka sabini na kitu, juu ya kiti, anapunga kofia. Marlén ameziba mdomo kwa mikono miwili. Orlando ameshika arepa, haingii mdomoni wala hairudi kwenye sinia.

Hapo ndipo nilipopaswa kufunga breki. Napajua mahali penyewe, ni mbele ya duka la dawa. Sikufunga.

Tukazunguka mara mbili zaidi, kisha kengele ya raundi ya mwisho ikalia, ya kumi kwao, ya tisa kwangu. Machinjioni wawili wakachomoka, wawili wakafia njiani, nikabaki na wa tano wao, Saúl. Yeye raundi kumi, mawe na baridi vilikuwa miguuni, mimi nilikuwa na mikate miwili. Mita hamsini za mwisho nikampita.

Wa tatu!

Kikombe, maua, bendi. Saúl akaja kunipa mkono, midomo imekuwa ya bluu.

"Hongera, kaka. Leo ulikuwa na miguu mipya."

Nyuma yake mkewe alikuwa amemshikia sweta. "Mwaka wa tatu huu unashika nafasi ya nne," akamwambia kwa upole. "Haya twende, ng'ombe wanasubiri."

Nikaona kikombe kimekuwa kizito.

Nyumbani Don Eliécer alikiweka kikombe chini ya picha yake kwa mikono yake mwenyewe. Akasogeza kile kitaa kimulike vyote viwili. Machozi yanamtoka.

"Sasa tuko wawili," akasema.

Kukaletwa supu ya mahindi na nyama. Mimi, ninayejulikana kwa kula, nikalisukuma bakuli kando. Marlén akanishika paji la uso kuangalia homa. Nikainuka nikamfuata mzee uani, alikokwenda kulisha sungura.

Uani ndiko pia anakozibia pancha. Kila Jumamosi vijana wa mji wanamletea mipira yao, anaiziba bure. Hajawahi kupokea hata peso moja, na hatukuwahi kumwuliza kwa nini.

"Baba mkwe, nina neno."

"Sema."

Nikasema. Paa la bati, mkate, wa pili, koti, kila kitu. Nilimaliza, nikasubiri anifukuze na baiskeli na virago.

Akaendelea kunyofoa majani ya kabichi.

"Raundi moja tu?" akauliza.

"Moja."

Akampa sungura jani.

"Mimi zilikuwa mbili."

Nilidhani nimesikia vibaya. Hakurudia. Alikaa juu ya ndoo, ghafla akaonekana mzee kweli.

"Ulikuwa ukungu, mtu haoni mkono wake. Nilipata pancha, nikaziba, nikaungana na kundi lililokuja. Nikafika wa kwanza. Wakaninyanyua juu kabla sijafungua mdomo, mama yangu analia. Kesho yake picha ikaletwa. Halafu nikaoa. Halafu watoto. Unawaambia siku gani?"

"Na aliyeshinda kweli?"

"Alihama, kisha akafa. Mimi sina wa kumrudishia." Akanitazama usoni. "Wewe unaye. Yuko kilomita nne kutoka hapa, anakamua ng'ombe."

Nikakitia kikombe ndani ya begi la mgongoni, nikapanda baiskeli. Zile kilomita nne ni mlima mtupu. Ilikuwa halali yangu.

Nikamkuta Saúl zizini, ndoo katikati ya magoti.

"Nimekuletea chako," nikasema, nikamwekea kikombe juu ya pipa.

Hakushtuka hata kidogo.

"Nilikuona pale dukani, kaka. Mkate mdomoni."

"Uliniona? Mbona hukusema?"

"Nilisema! Nilipofika tu, nilimwambia mwalimu Ofelia. Unajua alinijibu nini?" Akaacha kukamua ili amwigize vizuri, kidole juu. "'Najua, Saúl. Mwache apige picha zake leo. Nyumba ile wana desturi yao. Mwaka 1983 ndipo nilipoanza kuhesabu, na sijakosea hata raundi moja. Kikombe kisiporudi hadi Jumatatu, nitakwenda kukichukua mwenyewe.'"

Nikakaa kwenye nyasi za ng'ombe.

"Ina maana anajua habari ya mzee?"

"Mji mzima unajua. Marehemu aliyeshinda kweli ndiye aliyewazuia watu wasiseme. Alisema mwacheni, mama yake amelia kwa furaha, atarudisha kwa njia nyingine." Akarudi kwenye chuchu za ng'ombe wake. "Hujawahi kujiuliza kwa nini anatuzibia pancha bure?"

Wahenga walisema siku za mwizi ni arobaini. Baba mkwe wangu alikuwa amepitisha miaka arobaini, anadhani amejificha, kumbe mji mzima ulikuwa umegeuza uso ili asione aibu.

Nikarudi. Walikuwa wote mezani wanakunywa kahawa. Nikasimama nikawaambia: sikumaliza, nilizungukwa, kikombe kimekwenda kwa mwenyewe. Marlén akanijazia kahawa. Hilo ndilo lililonitoa machozi.

Orlando yeye akasugua viganja.

"Pole, shemeji. Kreti ninalo tayari."

"Baiskeli haitoki," akasema Don Eliécer.

"Baba! Si ulisema mwenyewe?"

"Nilisema. Basi ikitoka baiskeli, na ile picha itoke."

Meza nzima ikaangua kicheko.

"Baba naye!" akasema Marlén. "Picha imekukosea nini?"

Mzee akakoroga kahawa yake. Mimi nikakazana kuangalia kikombe changu cha kahawa. Niliyoyasikia zizini sijamwambia mpaka leo, na sitamwambia.

Baiskeli bado imetundikwa pale. Picha nayo ipo. Ila kile kitaa kilizimika jioni ile ile. Balbu imeungua, anasema. Huu ni mwaka sasa, na dukani kwangu hapo chini nina balbu za kila aina.

Funzo ni hili, jamani. Ukijikuta umeshika kisicho chako, kirudishe mapema, mwenyewe akiwa bado hai na yuko umbali wa baiskeli. Ukichelewa, utaziba pancha za watu maisha yako yote.

Februari hii nilishiriki tena. Nilipulizwa filimbi raundi ya saba, na nilikwenda mwenyewe mezani kumwonyesha mwalimu Ofelia namba yangu.