Dubwi Haliiti Mtu Jina

Siku yangu ya kwanza kazini nilivunja glasi kabla hata sijasalimia mtu. Ilikuwa baa moja pale Kilosa, jirani na stesheni, na mimi msichana wa Munisagara, binti wa fundi wa njia ya reli, nilikuwa naogopa hata mlio wa kizibo. Msimamizi wa Kaunta, mama mnene asiyecheka ovyo, alivitazama vile vipande akanipa ufagio.

"Glasi zipo. Yule mzee wa pembeni anaitwa nani?"

"Shikamoo mama. Simjui."

"Marahaba. Basi kamuulize. Jina kwanza, bia baadaye. Mteja ukimjua jina hahami."

Ninyi mnaoingia kazi hii sasa mnafundishwa kupokea malipo kwa simu. Sisi tulifundishwa majina, na nisiwafiche, niliyapenda kupita kiasi! Nilijua nani ana mtoto aliyelazwa hospitali ya Berega, nani amevuna mahindi, nani kagombana na shemeji yake. Ndiyo maana Bosi, yaani mwenye baa, alipofungua nyingine Mikumi, kando ya barabara kuu, alinipeleka kule niwe meneja. Nililia kuacha Kilosa. Wiki ile ile nikawa nimeshaanza kucheka Mikumi.

Mikumi watu wanapita. Dereva wa Tunduma anakula nyama, analala gesti, alfajiri hayupo. Utamfanyaje arudi kwako safari nyingine? Kwa bendi. Kila Jumapili mchana tulikuwa na bugi, dansi la jua bado liko juu, watu na familia zao na soda zao. Gitaa la solo linaongoza, ridhimu linajaza, besi inakutikisa kifua. Kisha waimbaji wananyamaza, magitaa yanapamba moto, na hilo ndilo sebene. Hapo ndipo kazi yangu ilipokuwa. Nampitia Selemani, mwimbaji wetu, namnong'oneza majina ya walioingia, naye anayachomeka katikati ya sebene: "Lameki wa Tunduma, barabara inakusalimu!" Desturi ya kwetu ilikuwa moja: ukiitwa, unainuka, unazunguka uwanja mara moja, hata kama hujui kucheza. Nimeona watu wakipitiliza baa zote za njiani ili waje waitwe kwangu.

Halafu yakaja madubwi. Hizo ni mashine za kamari; dubwi unalilisha sarafu, linawaka taa, linakuimbia kidogo, linameza. Baa za jirani zikayapanga ukutani, na bendi zao zikaambiwa kwaheri. Siku moja Bosi akaja na wakala wa mashine, wakasimama mbele ya jukwaa letu wakilipima kwa macho. Nikawaendea.

"Shikamoo Bosi. Hapo ni pa bendi."

"Marahaba, Meneja. Dubwi haliombi chakula wala haliumwi koo," akasema. "Nayaweka ukutani kwa majaribio. Jumapili hii bendi ipige. Watu wakiyapenda, wiki ijayo jukwaa linang'olewa."

Selemani alikuwa amelea familia yake kwenye jukwaa lile. Nilikwenda jikoni nikakaripia masufuria yasiyo na kosa.

Jumapili ikafika. Baa ilijaa, lakini nusu ya watu walitupa migongo, wamezikodolea macho zile taa. Lameki alikuwa mmoja wao, Lameki yule yule! Sebene likaanza. Nikamnong'oneza Selemani.

"Lameki wa Tunduma, geuka tukuone!"

Hakugeuka. Mpiga solo akalirudia pigo lile lile. Selemani akaita tena. Mgongo tu. Nilihisi aibu mpaka masikioni, maana sijawahi kuona mtu akiitwa akakaa.

"Lameki!" mara ya tatu, sasa kwa kubembeleza. "Mama watoto atauliza kama tulikuona, tumjibu nini?"

Mkono wake ukabaki hewani na sarafu yake. Kisha akaitia mfukoni, akageuka, akacheka peke yake, akaingia uwanjani. Baa nzima ikapiga ukelele! Selemani akaita mwingine, na mwingine, wakawa wanabanduka ukutani mmoja mmoja, madubwi yakabaki yanawakia viti.

Bosi alikuwa amesimama kaunta, mikono nyuma. Nikataka aitwe na yeye. Nikafungua mdomo kumnong'oneza Selemani, nikakwama. Miaka yote ile, mimi wa majina, nilikuwa namjua kama Bosi tu! Nikamfuata mbio.

"Bosi, nyumbani wanakuitaje?"

"Jina la nini?"

"Unaitwa uwanjani. Haraka, sebene halisubiri."

Akatazama saa yake ya dhahabu, akaona haya kama bwana harusi. "Masumbuko," akasema taratibu. "Marehemu mama alikuwa ananiita Masumbuko."

Selemani alipoliita, nadhani lilisikika mpaka mbugani. Akazunguka uwanja, koti linampeperuka, anacheza vibaya mno, na nilimpenda siku ile kuliko siku zote.

Jumatatu akamwita wakala aje achukue mizigo yake. Mimi akaniambia, "Nina baa hii muda wote, jana ndiyo kwanza nimekaa ndani yake." Akataka kuondoka, akageuka. "Na wewe, Meneja? Jina la nyumbani?"

"Sikudhani. Ndilo alilokuwa akiniita bibi," nikamjibu. Tukacheka, tukaendelea na hesabu za kreti.

Mwaka huu nimestaafu, magoti yamegoma. Nawaambia wanaoniuliza: mashine itampata mteja, ila haitajua kama safari hii hakuja. Sisi tulijua, na tuliuliza.

Jumapili ya kuniaga walinikalisha meza ya mbele kama mgeni, nikapewa soda, nikakatazwa kunyanyuka. Mazoea yana taabu, nilikuwa nahesabu nyuso zinazoingia, nani wa kuitwa. Sebene likaanza. Nikamwona Bosi anapanda jukwaani, anainama sikioni mwa Selemani, mahali pangu pale pale.

"Sikudhani wa Munisagara!"

Tangu bibi yangu afariki hakuna aliyekuwa ameniita hivyo kwa sauti. Lameki akanivutia kiti nyuma. Nikalia, nikacheka, na kwa kuwa desturi ni desturi, nikainuka na magoti yangu yale yale, nikazunguka uwanja.