Siku Nilipoinua Lori kwa Mawe

Nilikuwa mjuaji. Nalisema mapema, kwa sababu wenzangu wa zamani wakiyasoma haya watalisema tu, na ni afadhali nitangulie mwenyewe. Miaka ile ya mwisho kabla ya Uhuru nilikuwa na lori kuukuu la kubebea pamba, na katika Mwanza nzima sikuona fundi wa kuniambia kitu juu yake. Nililipata likiwa bovu, nikalifufua kwa mikono yangu, na nilipokuwa nalo barabarani nilipiga honi hata pale ambapo hakuna aliyenizibia njia.

Ugonjwa wake ulikuwa nyuma. Springi zilikuwa zimechoka, lori limekaa chini kama kuku anayeatamia. Na barabara za kwenda Geita wakati wa mvua, matairi ya malori huzichimba mifereji miwili, katikati likabaki tuta la udongo na mawe. Lori lililokaa chini hulipanda tuta hilo kwa tumbo. Safari yangu ya mwisho nilikwama hivyo ng'ambo ya kivuko cha Kamanga, difu, lile bonge la chuma katikati ya ekseli, limekaa juu ya tuta, magurudumu yanazunguka bure, nikalala porini siku mbili huku pamba ya watu ikinyeshewa. Niliporudi niliapa kwamba lori litainuka, tena litainukia nyumbani kwangu Kirumba, mbele ya mlango, bila msaada wa fundi yeyote.

Kazi yenyewe si ngumu kuieleza. Springi ya lori ni vyuma virefu bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Vinakaa juu ya ekseli na kufungwa nayo kwa bolti zilizokunjwa mfano wa kitanzi. Unainua chesisi, yaani fremu ya chuma inayobeba lori zima, kwa jeki mpaka uzito utoke kwenye springi, unafungua bolti, unachomeka kigogo cha mti mgumu kati ya springi na ekseli, kisha unafunga tena kwa bolti ndefu zaidi. Vigogo nilichonga mwenyewe kwa mninga. Bolti alinifulia mhunzi mmoja. Kilichobaki kilikuwa kitu cha kuegemeza chesisi wakati mimi nipo chini yake, maana jeki peke yake haiaminiki, na hilo hata mimi nililijua.

Magogo sikuwa nayo. Nilikuwa na mawe. Mtu aliyezaliwa Mwanza amekua akiyatazama mawe makubwa kuliko nyumba yamekaa juu ya mawe mengine, yameegemea kwa ncha tu, na chini yake watu wamejenga, wanapika, wanalala, wala hakuna anayeinua macho kuyatazama. Kwa hiyo niliokota mawe mapana, nikayapanga moja juu ya jingine chini ya chesisi, kulia na kushoto, nikayapiga kwa kiganja, nikaridhika. Mgeni kutoka nchi ya tambarare angetafuta mti. Mimi nilijua kwamba jiwe likishakaa juu ya jiwe limekaa.

Wakati huo mke wangu alikuwa na mimba ya kwanza, imetimia miezi yake, na mama yake alikuwa amekuja kutoka Majita kumpokea mtoto. Alikuja na kapu la muhogo mkavu na adabu zake zote. Kwao, mama mkwe na mume wa binti yake hawatazamani usoni. Hawapeani mkono, hawali pamoja, hawalali chini ya paa moja. Wakikutana njiani, mmoja huingia majanini ili mwenzake apite. Ikitokea mama mkwe amemgusa mkwe wake, basi anafunga mzigo anarudi kwao, na hakanyagi tena nyumba ya binti yake mpaka mkwe mwenyewe apeleke mbuzi kule, ndugu wamle pamoja, neno liishe.

Mimi mtoto wa mjini, baba wa kabila hili na mama wa kabila lile, mambo hayo yalinichekesha. Mama alilala kwa jirani, mlango wa tatu kutoka kwetu, na mchana akashinda kwenye jiko letu la nyuma. Akitaka kuniambia neno alisimama nyuma ya ukuta akalisema kana kwamba kuna mtu wa kulifikisha, hata kama hayupo: "Aambiwe uji uko tayari." Nami niliujibu ukuta kwa sauti ya kasisi: "Ashukuriwe sana."

Mke wangu alinikanya. "Usimfanyie mchezo mama yangu," aliniambia. "Kwako ni utani. Yeye siku akiuvunja mwiko huo atakwenda zake, na mimi nitazaa peke yangu."

Nikamwambia atulie, nani atauvunja, mimi namwogopa mama yake kuliko anavyoniogopa yeye.

Siku niliyochagua kuinua lori ilikuwa siku ya mkutano mkubwa wa siasa uwanjani. Mtaa mzima ulishuka huko, wazee kwa watoto, hata mbuzi nadhani walishuka. Utingo wangu aliniomba ruhusa, nikampa, maana sikutaka mtu wa kuniuliza maswali. Mke wangu alikwenda kliniki kupimwa. Nilivua shati, nikaingia chini ya lori.

Upande wa kulia ulikwenda vizuri mno. Kigogo kiliingia, bolti zikafungwa, nikawa napiga mluzi. Nikahamia kushoto. Nikainua kwa jeki, nikaongeza jiwe juu ya mawe, nikafungua bolti, na chesisi ilipopanda vya kutosha nikalala chali nikaanza kukisukuma kigogo cha pili mahali pake. Kilikuwa kimeingia ukingo tu niliposikia ta! kama ukuni mbichi unaopasuka motoni.

Jiwe la juu lilikuwa limepasuka vipande viwili.

Sikupata nafasi ya kufikiri. Jeki ililala upande, lori likashuka, na chuma cha kukingama cha chesisi kikanikalia kifuani. Hakikunivunja. Kilisimama pale, kizito, kimenibana kati yake na ardhi, na nilipogeuza macho niliona kwa nini kimesimama. Springi ilikuwa imeangukia ule ukingo wa kigogo, na jeki iliyolala ilikuwa imejikita kwenye ekseli. Vitu viwili hivyo tu. Kigogo kikichomoka, chuma kitashuka shibiri nyingine, na kati ya chuma na ardhi hapakuwa na shibiri nyingine. Palikuwa na kifua changu.

Niliogopa. Nimeshawahi kuogopa mara nyingi baada ya hapo, lakini ile ilikuwa hofu ya aina yake, hofu isiyokuruhusu hata kutetemeka. Nilivuta pumzi ndogo, nikasikia kigogo kinalia, kri. Nikaitoa, kikalia tena. Nikaelewa kwamba pumzi zangu mwenyewe zinakitikisa. Basi nikaanza kupumua kwa ncha ya koo, kidogo kidogo, na jasho likaniingia machoni bila mkono wa kulifuta. Nilitaka kupiga kelele. Kelele zinahitaji pumzi.

Kutoka nyuma ya ukuta nikasikia sauti. "Aulizwe, ni kitu gani kimeanguka?"

Nilijibu, lakini kilichotoka kilikuwa mnong'ono. Akauliza tena, aulizwe kama ameumia. Nikakusanya nilichoweza, nikasema, "Mama, nakufa."

Kisha nikasikia miguu inakimbia, si kuja kwangu bali kuteremka mtaani, na sauti yake ikiita majirani mlango hadi mlango, kwa Kiswahili, kisha kwa Kijita. Nilihesabu milango kwa sauti yake. Hakuna uliofunguka. Kutoka uwanjani nilisikia umati ukishangilia, mbali, kwa furaha kubwa, nikawachukia wote.

Miguu ikarudi, ikasimama kando ya tairi. Niliviona vidole vyake, vimejaa vumbi, vimesimama. Nadhani alisimama pale muda wa pumzi kumi za kwangu, zile ndogo. Aibu niliyokuwa nikiicheka siku zote sasa nayo ilikuwa imenishika, mimi chini pale tumbo wazi mbele ya mama mkwe, na nilijua anapima nini. Nikaogopa kwamba ataondoka. Nikaogopa zaidi kuliko nilivyoogopa chuma.

Kisha akasema, safari hii bila ya ukuta wala mtu wa tatu: "Baba, niambie la kufanya."

Nikamwambia kinu. Maneno yalitoka moja moja. Kinu cha jikoni, kiwe kifudifudi, chini ya ubavu wa chesisi, ulio juu zaidi ya chuma kilichonibana, karibu na bega langu. Nikasikia akikiburuta. Kilikuwa kinu cha mti mzito, mke wangu hakukiweza peke yake hata kabla ya mimba, naye mama alikileta akihema, akakiviringisha mpaka chini, akakisimamisha. Kilipungua vidole vinne kufika kwenye ubavu huo. Sikuwa na nguvu ya kumweleza, wala hakungoja kuelezwa. Alileta kuni, akazichomeka katika upenyo ule, akazigongea kwa mchi. Kila alipogonga, kigogo kililia karibu na sikio langu, na kila kilipolia niliaga dunia.

"Polepole, mama."

"Ukinisemesha napotea. Nyamaza."

Kuni zikakaza. Sasa lori lilikuwa na kinu cha kulibeba likianguka, lakini mimi bado nimebanwa, na ulimwengu ulikuwa umeanza kuwa mweusi pembeni. Jeki ilipaswa kusimamishwa upya na kuzungushwa, na mpini wake ulikuwa upande wa ndani, juu ya tumbo langu. Hakuna mtu angeufikia bila kulala ubavuni kwangu.

Alijifunika kanga usoni, akaingia. Kanga ikanasa kwenye bolti. Akaivuta, ikakataa, akaivua akaitupa, na kwa mara ya kwanza tangu nioe nikauona uso wa mama yake mke wangu, uko umbali wa shibiri moja, una mavumbi na machozi. Alikuwa anaogopa kama mimi. Bega lake liligusa langu. Mkono wake ulipita juu ya kifua changu, ukaisimamisha jeki, ukashika mpini.

"Huku au huku?"

Akizungusha kombo, jeki ingeshuka. Nilitaka kusema kulia, lakini tulikuwa tumelala, kulia kwake ni wapi na kwangu ni wapi, kichwa kilinigoma. "Mpini uende," nikasema, "upande wa mkono unaolia ugali."

Akazungusha. Hakuna kilichotokea. Akazungusha tena, jeki ikauma chuma, na nikahisi uzito ukipungua kadiri ya ukucha, kisha kadiri ya kidole. "Vuta pumzi," alinifokea. "Wewe! Vuta pumzi!" Nikavuta, ikaingia mpaka chini, ikauma kila mahali, nikalia kama mtoto. Alinishika makwapa kwa mikono yake miwili akaniburuta nje mpaka kwenye jua.

Hakukaa kunitazama. Aliingia chini mara nyingine kuchukua kanga yake, akajifunika, akaenda jikoni. Nilikuwa bado nimelala mavumbini niliposikia akifunga mzigo.

Mke wangu aliporudi alinikuta nimekaa kizingitini, nimejishika mbavu. Alilitazama lori lililokaa upande mmoja juu na mmoja chini, akazitazama kuni kichwani pa kinu, akamsikia mama yake kule nyuma. "Amekugusa?" aliniuliza. Nikamwambia amenitoa. Alikwenda jikoni, akafunga mlango, na wakanong'ona humo kwa muda mrefu kwa lugha yao.

Nikaenda nyuma ya ukuta nikaomba. Mimi, mcheshi wa ukuta, niliomba nikiwa nimejishika mbavu. "Mama, mimi ni mtu wa mjini. Mimi jambo hili silihesabu. Baki mtoto azaliwe, mbuzi nitaleta baadaye, hata watatu."

"Mimi nalihesabu, baba," alisema. "Na nilipokwenda kukishika kile kinu nilijua naondoka. Usilie. Nisingekigusa ningebaki, lakini ningempokea mtoto asiye na baba."

Asubuhi yake aliondoka. Majita ni safari ya siku mbili kwenda na mbili kurudi, na siku za mke wangu zilikuwa za leo au kesho, kwa hiyo sikuthubutu kumwacha nikapeleke mbuzi. Wala lori sikuligusa. Nililipita mbele ya mlango nikiwa nimeambaa ukuta, na usiku nililala chali nikaamka nikitafuta pumzi. Utingo alilimalizia kazi, kwa magogo, mimi nikiwa nimesimama mbali.

Siku ya tisa, saa sita mchana, uchungu ulimshika mke wangu. Mkunga alikuja, mwanamke mwema, lakini si wa kwetu. Nilikaa nje, mzima, bila jeraha, nikamsikia ndani akimwita mama yake. Hakuniita mimi, hakumwita Mungu. Alimwita mama yake mpaka sauti ikakauka, na kila alipoita niliinuka, nikafika mlangoni, nikarudi nikakaa.